Mume kapunguzwa kazini, nyumbani hakuna amani

Pole sana dada. Unasema tangu mumeo apunguzwe kazini anakesha, ukimuuliza jambo anafoka, nawe umeanza kumkwepa. Usimkwepe. Ila hesabu za kodi na ada msizifungue usiku kitandani. Zitengeeni Jumamosi asubuhi, daftari mezani, mkiwa mmeshakunywa chai. Mwambie "naona hulali, nina wasiwasi", si "siku hizi umebadilika". Nawe tafuta ndugu unayemwamini umwage ya moyoni.

Hali ikizidi wiki mbili, hagusi chakula wala hataki watu, nendeni hospitali ya rufaa ya mkoa, au Muhimbili kama mko Dar, mwonane na daktari wa afya ya akili. Huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, nayo inatibika. Akitamka habari za kufa, mpeleke siku hiyo hiyo, na usimwache peke yake.