Alisoma mabango ya matatu, nikamrusha darasa

Jumapili nimepata ujumbe wa mama mmoja wa Kisumu. Bintiye ana miaka minne, anasoma Kiswahili na Kiingereza, anahesabu hadi mia mbili. Anauliza: "Nimrushe PP2 (mwaka wa mwisho wa chekechea) aingie Gredi ya Kwanza Januari?" Nimemwandikia jibu mara tatu nikafuta. Acha nijibu hapa.

Wangu alijifunzia kusoma kwenye mabango ya matatu. Tukisimama stejini Free Area, Nakuru, anayasoma kwa sauti, Lanet, Pipeline, Section 58, hadi makanga wakambandika jina Mwalimu. Alikuwa na miaka mitatu na nusu. Kichwa kilinivimba, sitaficha. Nilimrekodi nikamweka status, na wiki nzima sikuwa na habari nyingine.

Kwa mfumo wetu mtoto huingia PP1 akiwa na miaka minne, PP2 mitano, Gredi ya Kwanza sita. Alipomaliza PP1 mwaka 2022 nilikwenda shuleni nimejiandaa kama wakili. Nilibeba hata ripoti iliyotoka Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 2004, inayotetea watoto werevu kuruka madarasa. Mwalimu wake akaniambia, "Mama, kusoma anajua. Lakini huyu bado ni mtoto." Nikaona ananionea gere. (Mwalimu, kama unasoma hapa, niwie radhi.)

Januari 2023 akaingia Gredi ya Kwanza, miaka mitano na miezi miwili.

Wiki ya pili hotpoti yake ilirudi na chakula chote. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu nilipomuuliza alianza kulia. Mfuniko ulikuwa umekaza, wenzake wanafungua wenyewe, naye akaona haya kumwambia mwalimu. Maandishi yaliyokuwa juu ya mfuniko ule alinisomea yote bila kukwama. Kuufungua ndiko kulikomshinda.

Mengine yakafuata. Mchana analala dawatini. Kunakili kazi ubaoni, wenzake wamemaliza yeye yuko mstari wa pili, vidole vimechoka. Kwenye mpira hachaguliwi. Kila Jumatatu tumbo linamuuma, Jumamosi limepona. Ripoti ya Aprili ikasema kusoma amezidi matarajio. Kuandika, yuko chini ya matarajio.

Mei nikamrudisha PP2. Wale wa status waliuliza, na wengine hawakuuliza, ambao ndio wabaya zaidi.

Sasa nikwambie kilichonichukua muda kukikubali. Mwaka 1996 nilirudishwa kukariri darasa la saba ili nisije nikaangusha wastani wa shule kwenye KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Nilibaki nikiwatazama marafiki zangu wakihamia darasa la nane, upande wa pili wa uwanja. Mpaka leo nikikutana na mmoja wao mjini huwa nahesabu. Ule mwaka nilitaka urudi, nikamtuma mtoto akanichukulie.

Wazazi wenzangu, tusikimbize watoto kwa madeni yetu! Wapo wanaofaa kurushwa na wakang'aa, sibishi. Lakini hao hao wa Iowa wana kipimo chao, na hakiishii kwenye akili: wanaangalia umbo la mtoto, mikono na miguu yake inavyomtii, anavyopatana na wenzake. Na mtoto mwenyewe asipotaka, harushwi. Mimi nilikuwa nimesoma ile nusu iliyonifaa. Mwangalie anavyofunga vifungo vya sweta, anavyokwenda choo peke yake, anavyoshindwa mchezo bila kupindua kila kitu. Akili yenye njaa ilishe nyumbani. Wangu tulimpeleka maktaba ya mjini kila Jumamosi, na PP2 akawa anawasomea wenzake hadithi. Sijui kwa nini sikuanzia hapo. Au najua.

Mama wa Kisumu, kabla hujaenda kwa mwalimu mkuu, mpakulie binti chakula, kaza mfuniko vizuri, kisha ukae kando usiseme neno. Uone atafanya nini, na atamwita nani.