Hesabu ya Sahani ya Mwanaume

Ndugu Mhariri, swali lenu la juma hili linauliza kwa nini wanaume wengi hukwepa kuhesabu kalori, yaani kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula, na kama chokoleti yenye kalori chache ni chakula cha wanawake. Ninalijibu kwa sababu kazi yangu ni hesabu, na kwa muda mrefu nami nilikuwa miongoni mwa hao wanaokwepa.

Mimi ni karani wa chama cha ushirika cha wakulima wa kakao wilayani Kyela, na familia yangu inaishi Mbeya mjini. Msimu ukifika, kila gunia linapopanda kwenye mizani mimi ndiye ninayeandika kilo, na mkulima husimama pembeni akifuatilia namba bila kupepesa, kwa kuwa anajua kwamba nusu kilo ikipotea ni fedha iliyopotea. Shemeji yangu, ambaye huendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma, anaweza kukueleza mlima Kitonga unakunywa lita ngapi za dizeli akiwa na mzigo na akiwa mtupu. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba wanaume hawapendi kupima vitu. Tunapima sana, isipokuwa sahani.

Naamini sababu mojawapo ni namna hesabu hii ilivyotufikia. Wilbur Atwater, mwanasayansi wa Marekani aliyepima nguvu iliyomo katika vyakula mwishoni mwa karne ya 19, alijishughulisha sana na vibarua: alitaka kujua mtu wa kipato kidogo anunue nini ili apate nguvu ya kufanya kazi. Hesabu hiyo ingeweza kabisa kubaki mali ya wanaume wa jasho. Lakini mwaka 1918 daktari wa California, Lulu Hunt Peters, aliandika kitabu kilichowaelekeza wanawake wapunguze mwili kwa kuhesabu kalori, kikanunuliwa kwa wingi, na tangu hapo jambo hili limevaa sura ya urembo. Makampuni yaliitambua sura hiyo na kuifanyia biashara. Kule Uingereza, mwaka 2002, chokoleti ya Yorkie, ambayo haikupunguzwa kalori yoyote, ilitangazwa kuwa si ya wasichana. Na mwaka 2011 nchini Marekani soda ya Dr Pepper Ten, yenye kalori 10 tu, ilitangazwa kuwa si ya wanawake, ili mwanaume asione haya kuishika mkononi.

Hapa kwetu, hata hivyo, kizuizi hakitoki kwenye matangazo, kwa maana wengi wetu hatujawahi kuyaona. Kinatoka kwenye kitambi. Mwanaume akinenepa watu husema maisha yamemkubali, na wakwe hufurahi kwa kuwa wanaona binti yao anapika na nyumba ina chakula. Akipungua, hata kwa kupenda mwenyewe, jamaa huanza kuulizana kwa sauti ya chini kama ni ugonjwa, madeni, au ndoa imeingia doa. Mwaka jana nilimsindikiza mke wangu kliniki, na muuguzi akanipima kiuno nami, akapata sentimita 104. Alinieleza kwamba kwa mwanaume, kuvuka 94 ni dalili ya hatari, na kuvuka 102 kunaongeza sana uwezekano wa kupata kisukari na maradhi ya moyo. Wiki mbili baadaye, kwenye harusi ya ndugu yetu, niliomba nipunguziwe wali. Kabla jua halijazama mama yangu alikuwa amempigia simu mke wangu kumuuliza ninaumwa nini na kwa nini wanamficha. Mke wangu alilia usiku ule, kwa sababu alijua kwamba katika ukoo wetu yeye ndiye angelaumiwa kwa sahani yangu. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu wanaotushauri tule kidogo huzungumza kana kwamba mwanaume hula peke yake, ilhali sahani yake inatazamwa na ukoo mzima.

Sasa niseme juu ya chokoleti. Binti yangu anayesoma Dar es Salaam, aliposikia habari za kiuno changu, aliniletea chokoleti isiyo na sukari, nami niliificha kwenye droo ya ofisi, kwa kuwa nilijua wenzangu wangesema nini. Siku nilipoigeuza na kusoma maandishi ya nyuma nilifanya hesabu ambayo ningependa kila mwanaume aifanye. Chokoleti ya kawaida ya maziwa ina kalori kama 540 katika gramu 100. Gramu moja ya mafuta inatoa kalori 9, na gramu moja ya sukari inatoa 4. Tuseme kipande hicho cha gramu 100 kina mafuta gramu 32 na sukari gramu 50. Sukari yote ikitolewa na kuwekwa maltitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, ambayo hutoa kalori kama 2.4 kwa gramu, kinachookolewa ni kalori 80 tu, na zile 288 za mafuta zinabaki palepale. Sisi wa Kyela tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua hili, kwani karibu nusu ya mbegu kavu ya kakao ni mafuta. Anayekula pakiti nzima kwa kuwa imeandikwa haina sukari anajidanganya, na tumbo linaweza kumsumbua pia, maana maltitoli ikizidi huharisha.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu chokoleti hiyo ni kwamba si ya wanawake wala ya wanaume. Ni nafuu ndogo, inayomfaa mtu ambaye tayari anapima mambo makubwa zaidi. Na kwa wanaume wa mjini mambo makubwa yako mezani jioni. Bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina kalori zipatazo 200, na chupa nne ni 800, yaani karibu theluthi ya zile 2,500 ambazo kwa kawaida hukadiriwa kuwa mahitaji ya mwanaume kwa siku nzima, kabla hujahesabu kitimoto na ndizi za kukaanga zinazoambatana nazo.

Simwambii mkulima anayeshika jembe tangu alfajiri ahesabu kalori. Yeye anahitaji kula ashibe. Ninawasemea sisi wa viti, wa usukani na wa bodaboda. Mimi mwenyewe nilihesabu kwa miezi miwili tu, hadi nikajifunza kwamba kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120, na kwamba vijiko hivyo ndivyo vilivyokuwa vikinielemea kuliko wali wenyewe. Mke wangu alipunguza mafuta, nami nikamweleza mama kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba siumwi.

Msimu uliopita mzee mmoja alinikuta ghalani nikisoma karatasi ya ile chokoleti, akauliza kilichoandikwa. Nilipomweleza habari ya mafuta ya kakao na ya kiuno, alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimpime. Tuliazima futi ya fundi cherehani wa jirani, na kabla magunia hayajaisha walikuwa wamejipanga wanaume sita, nami nikaandika sentimita zao kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lilelile la kilo.