Maswali yenu kuhusu Sun Bin, mpanga vita aliyekatwa miguu

Mlioandika kuhusu Sun Bin, mshauri wa vita wa dola ya Qi katika China ya karne ya 4 KK, majibu ndiyo haya.

Swali: Huyu si ndiye Sun Tzu, yule wa kitabu cha "Sanaa ya Vita"?

Jibu: Siye. Sun Tzu anasemekana kuishi zaidi ya miaka 100 kabla yake, na Sun Bin hutajwa kuwa mzao wake. Wako wataalamu walioshikilia kuwa ni mtu mmoja, maana kitabu cha Sun Bin kilikuwa kimepotea. Mwaka 1972 yakafukuliwa makaburi ya enzi ya nasaba ya Han huko Yinqueshan, Linyi, jimbo la Shandong. Ndani ya kaburi moja mlikuwa na maandishi ya wote wawili, yameandikwa kwa wino juu ya vipande vya mianzi.

Swali: Nani alimfanya kilema?

Jibu: Rafiki yake. Alisoma mbinu za vita pamoja na Pang Juan, ambaye baadaye alipata ujemedari kwa Mfalme Hui wa dola ya Wei, huku moyoni akijua mwenzake anamzidi. Akamwita kwa siri, akamsingizia kosa. Sun Bin akakatwa miguu na kuchanjwa chale usoni. Wengine husema aling'olewa pia za magoti. Mjumbe wa Qi alipofika Daliang, mji mkuu wa Wei, alimficha garini akamtorosha.

Swali: Asiyetembea aliongozaje jeshi?

Jibu: Mfalme wa Qi alitaka kumpa ujemedari, akakataa. Jemadari akawa Tian Ji, yeye akakaa ndani ya gari lenye pazia akipanga mambo. Mwaka 354 KK Wei waliizingira Handan, mji mkuu wa dola ya Zhao, na Tian Ji akataka kukimbilia huko kuokoa. Sun Bin akamzuia: askari hodari wa Wei wote wako Handan, kwao wamebaki wazee na wanyonge, basi twende Daliang. Wei wakaacha mji wa watu wakarudi mbio, wakapigwa njiani, Guiling, wakiwa hoi.

Swali: Tueleze ule ujanja wa majiko.

Jibu: Huu naupenda kuliko yote. Karibu mwaka 341 KK Wei waliishambulia dola ya Han (si ile nasaba), Qi wakaelekea tena Daliang, na Pang Juan akageuka kuwafukuza. Sun Bin alijua kwamba watu wa Wei huwaona wa Qi waoga. Siku ya kwanza akaamuru yachimbwe majiko 100,000, ya pili 50,000, ya tatu 30,000. (Idadi zenyewe sizimezi nzima nzima.) Pang Juan akayatazama akachekelea: zaidi ya nusu wameshatoroka! Akaacha askari wa miguu nyuma, akakaza mwendo na kikosi chepesi, safari ya siku mbili akiimaliza kwa moja. Sun Bin hakumtumia mpelelezi wala barua ya uongo. Alimwachia tu ahesabu mwenyewe, na hesabu ikamwambia alichokuwa akitamani kusikia.

Jioni Pang Juan akafika Maling, njia nyembamba kati ya miinuko. Palikuwa na mti mkubwa uliobanduliwa gome, umeandikwa: "Pang Juan atafia chini ya mti huu." Akawasha moto asome. Wapiga mishale waliojificha walikuwa wameamriwa wafyatue pale tu watakapoona moto. Hakumaliza kusoma.

Swali: Hiyo historia au ngano?

Jibu: Vyote viwili. Kisa cha mti kinatoka kwa mwanahistoria Sima Qian, aliyeandika zaidi ya miaka 200 baadaye, na ndiye anayesema Pang Juan alijiua hapo hapo. Mianzi ya Yinqueshan inasema alikamatwa mapema zaidi, kule Guiling. Wapo wanaopatanisha kwamba aliachiwa akarudi vitani. Kipigo cha Maling sina shaka nacho, na mwana wa mfalme wa Wei alitekwa humo. Yale maandishi ya mtini, kwa maoni yangu, yametiwa chumvi na msimulizi aliyejua kazi yake.