Taa Zinazotegemea Seva ya Ng'ambo

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, katika nyumba yangu ya wageni hapa Shela, Lamu, taa, feni na pampu ya tangi huendeshwa kwa simu. Kampuni iliyotuuzia mfumo huo imetangaza kwamba itafunga seva zake, yaani kompyuta za mbali zinazopitisha amri za simu yangu. Je, itanibidi ninunue kila kitu upya?

JIBU: Usinunue chochote kabla hujajua vifaa vyako vinawasiliana kwa njia gani. Vile vya Zigbee, mfumo wa mawasiliano ya redio ya masafa mafupi, hupokea amri kutoka kwa kitovu, yaani kifaa kinachoviunganisha, kilichomo humo humo nyumbani, kwa hiyo aghalabu hubadilishwa kitovu tu, ilhali vile vya Wi-Fi vinavyosubiri amri kutoka seva ya mbali ndivyo vyenye mashaka, ingawa baadhi yake, vyenye chipu ya ESP8266 au ESP32, hukubali kuwekewa Tasmota, programu huria inayoviwezesha kupokea amri humo humo nyumbani.

Mahali pa seva hiyo, weka kompyuta ndogo kama Raspberry Pi yenye Home Assistant, programu huria iliyoanza mwaka 2013, nayo itaendelea kutoa amri hata intaneti ikikatika. Kuta nene za mawe ya matumbawe, fahari ya nyumba za Lamu, hudhoofisha mawimbi ya redio. Bahati njema, vifaa vingi vya Zigbee vilivyounganishwa na umeme hupokezana ujumbe, basi weka kimoja karibu na kila mlango. Nakili ratiba zako zote sasa, wakati programu ya zamani ingali inafunguka. Pampu mwachie fundi umeme, na swichi yake ya mkono isiondolewe.