Owen kakosea vina?

SWALI: Wanafunzi wangu wa Kidato cha Tano, waliozoea tenzi, wanasema Wilfred Owen, mshairi Mwingereza aliyepigana Vita Kuu ya Kwanza, kakosea vina katika shairi lake "Strange Meeting". Niwajibu nini?
Mwalimu, Lindi

JIBU: Hajakosea, mwalimu. Sisi tunalinganisha silabi ya mwisho. Owen anabakiza konsonanti na kubadili irabu, kama "pata" ikutanishwe na "pete". Sikio linangoja kina, linanyimwa. Humo askari anakutana kuzimu na adui ambaye yeye mwenyewe alimuua, na adui huyo anamwita rafiki: maneno na watu wanakaribiana bila kutulia. Ni ufundi mkubwa huo.

Wasome kwa sauti, mistari miwili miwili, wakiandika konsonanti za neno la mwisho. Wakianza na tafsiri, vina vinapotea, inabaki habari tu. Na waambie si habari ya mbali: Vita Kuu hiyohiyo ilipiganwa Mahiwa, mkoani kwenu, Oktoba 1917.