Kinachoshikilia titi, na kwa nini mama asiogope kunyonyesha

Katika kazi yangu ya ukunga kwenye kliniki za mama na mtoto hapa Dodoma, hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kama hili: je, ni kweli kwamba kunyonyesha hulaza matiti? Wapo wazazi wa mara ya kwanza wanaotaka kumwachisha mtoto kabla hajafikisha miezi 6 kwa hofu hiyo, na kwa kuwa hofu haiondolewi kwa kukemewa, huanza kwa kumweleza mama jinsi titi lilivyoumbwa.

Titi halina msuli wa kulibeba. Limekaa juu ya msuli mkubwa wa kifua, takriban kuanzia ubavu wa 2 hadi wa 6, na sehemu yake ndogo huelekea kwapani. Ndani yake mna tezi za maziwa na mirija yake, mafuta, na tishu unganishi inayovishika vyote pamoja. Sehemu ya tishu hiyo imejipanga kuwa nyuzi imara zinazoanzia kwenye utando uliofunika msuli wa kifua, zikapenya katikati ya mafuta na tezi, hadi kujishikiza kwenye ngozi. Hizo ndizo kano za Cooper, zilizopewa jina la Astley Cooper, daktari mpasuaji wa Uingereza aliyezieleza katika kitabu chake cha mwaka 1840. Anayeyajua mashamba ya zabibu ya Hombolo anaweza kuzifikiria kama waya zinazobeba mizabibu, isipokuwa waya ukilegea mkulima huukaza, ilhali kano zikishanyooka hazikazwi tena kwa dawa ya kupaka wala kwa mazoezi. Ndiyo maana nawasihi wadogo zangu wasipoteze fedha kwa mafuta ya kusimamisha matiti. Mazoezi ya kifua ni mema, lakini yanachoimarisha ni msuli ulio nyuma ya titi.

Kano na ngozi hulegea kwa sababu ya umri, kuongezeka kwa idadi ya mimba, uzito mkubwa wa mwili, kupungua uzito kwa kiasi kikubwa, na uvutaji wa sigara. Titi hukua na kujaa tangu wakati wa ujauzito, kabla mtoto hajanyonya hata tone moja, kwa hiyo mama anayemnyima mtoto ziwa hajaziokoa kano zake. Vilevile sishauri desturi ya kujifunga kanga kwa kukaza kifuani wakati wa kunyonyesha, kwa sababu mbano huo unaweza kuziba mirija ya maziwa na kuleta uvimbe wenye maumivu na homa.

Sidiria inayomfaa mama ni ile ambayo mkanda wake wa chini ndio unaobeba uzito, na mikanda ya mabegani ni mipana. Hupunguza mtikisiko na maumivu kwa anayelima au kukimbia, na hilo linatosha kuwa sababu ya kuivaa, ingawa haitarudisha kilichokwisha kunyooka.

Jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote ni hili: kano hizi pia hutoa taarifa ya hatari. Saratani inapozifikia, huzivuta na kuzifupisha, na kwa kuwa zimeshikana na ngozi, ngozi nayo huvutwa ndani na kufanya kibonyo. Kibonyo hicho huweza kujificha mikono ikiwa imeshuka, ndiyo maana namshauri kila mwanamke asimame mbele ya kioo, ainue mikono juu ya kichwa, kisha aishike kiunoni na kukaza kifua, huku akilinganisha matiti yote mawili. Akiona kibonyo kipya, chuchu iliyoanza kuingia ndani, au ngozi iliyovimba na kuonyesha vitundu vidogo vidogo, aende kituo cha afya bila kusubiri maumivu, maana uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni. Kutoka huko anaweza kupewa rufaa, kwa mfano kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa. Mama anayenyonyesha naye asikubali kuambiwa kwamba kila uvimbe ni maziwa yaliyoganda. Ukibaki palepale baada ya mtoto kunyonya vizuri, na wiki 2 zikapita bila kupungua, lazima uchunguzwe.