Rangi gani nipake? Maswali yenu na majibu

Nilichagua krimu nyepesi kwenye kadi ya dukani. Fundi amemaliza, sebule imekuwa ya manjano kama kiini cha yai. Je, rangi ilichanganywa vibaya?

Huenda haikuchanganywa vibaya. Kadi ile inaenea kwenye kiganja, tena uliitazama chini ya taa za duka. Chumbani kuta zinatazamana: mwanga hugonga ukuta mmoja, ukachukua rangi yake na kuipeleka kwenye ukuta wa pili, kisha ukarudi umekolea zaidi. Umanjano kidogo ambao kwenye kadi hukuuona, chumbani unajitokeza wote. Kuna na suala la balbu. Zilizoandikwa 2700K kwenye boksi zina mwanga wa kimanjano. Za 6500K zinaelekea kwenye ubuluu. Kabla hujamwita fundi tena, badilisha balbu uone usiku hali ikoje. Ikiwa mchana pia hupendi unachokiona, basi hakuna njia, itabidi urudie.

Safari hii anza na majaribio. Nunua kopo dogo kuliko yote, paka mikono miwili, yaani upake mara mbili, kwenye ubao mwepesi wa nusu mita hivi kila upande, uache ukauke kabisa. Rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana nyepesi kuliko itakavyokuwa ikikauka, na wengi hushtuka hapo bure. Kisha uzungushe ubao chumbani: mkabala na dirisha, kando ya dirisha, nyuma ya kochi. Utazame asubuhi, alasiri, na usiku taa zikiwaka.

Usijaribie moja kwa moja juu ya rangi ya zamani, kwa sababu jicho hupima rangi kwa kuilinganisha na jirani yake. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikuwa msimamizi wa utiaji rangi nyuzi katika karakana ya ufumaji ya Gobelins jijini Paris, na watu walimlalamikia kwamba nyuzi zake nyeusi hazikolei. Alipozichunguza akakuta weusi wake hauna kasoro. Kilichozifanya zionekane zimefifia ni rangi zilizowekwa kando yake. Matokeo aliyachapisha mwaka 1839. Kwako wewe maana yake ni hii: krimu ukiijaribia katikati ya ukuta wa kijani, itaonekana na wekundu usiokuwamo ndani ya kopo.

Chumba changu ni kidogo na kina giza. Kila mtu ananiambia nipake nyeupe.

Wanakupa nusu ya ushauri. Nyeupe hurudisha mwanga uliopo, haitengenezi mwingine. Dirisha likiwa dogo na limeelekea ukuta wa jirani, nyeupe tupu inageuka kijivu cha huzuni, hasa kwenye pembe. Chagua nyeupe yenye joto kidogo, yaani iliyotiwa manjano au waridi kwa mbali, kisha uongeze taa.

Baadhi ya kadi huwa na namba kati ya 0 na 100 inayoonyesha kiasi cha mwanga ambao rangi hurudisha. Chumba cha kusomea au kufanyia kazi, mimi singeshuka chini ya 60. Lakini kama ni chumba cha kulala unachoingia usiku tu, kwa nini upigane na giza? Paka buluu nzito au kijani cha chupa, weka taa nzuri mbili kando ya kitanda, ulale. Ushauri huu huwakera watu, lakini sijauacha.

Mume wangu anataka sebule nyekundu, mimi nataka kijivu. Tuamulie.

Mashauri ya ndoa siyawezi, dada, lakini rangi nitaisemea. Shemeji aelewe mambo mawili. Kwanza, rangi nyingi nyekundu hazifuniki vizuri: mikono miwili inapita na ukuta wa chini bado unachungulia. Fundi mzoefu hutanguliza mkono wa kijivu ndipo apige nyekundu juu yake. Pili, mwanga ukififia, jicho hupoteza wekundu kabla ya ubuluu. Mwanasayansi Mcheki Jan Purkyně alilieleza jambo hilo karne ya 19. Saa ya magharibi, kabla hamjawasha taa, ukuta wake mwekundu utakuwa karibu na mweusi.

Kijivu chako nacho kina siri. Vingi vimefichwa buluu, kijani au zambarau ndani yake. Weka kadi juu ya karatasi nyeupe ya kuandikia, vipange vijivu vitatu pamoja, na kila kimoja kitajitaja chenyewe.

Mkitaka kupatana, nyekundu ikae ukuta mmoja, ule wa nyuma ya kochi. Anayeketi hataitazama jioni nzima, anayeingia ataiona mara moja.

Nimesikia waridi hutuliza watoto watukutu. Nipake chumbani kwao?

Mwaka 1979 gereza la wanamaji huko Seattle, Marekani, lilipaka seli rangi ya waridi kali, na ikatangazwa kwamba wafungwa walitulia. Habari ikaenea, na rangi ikapewa majina ya maofisa wawili wa hapo, Baker na Miller. Watafiti wengine walipoipima baadaye kwa uangalifu zaidi, wakiwemo waliofanya hivyo gerezani Uswisi, hawakuona utulivu huo. Paka waridi kama watoto wanaipenda. Kuhusu utukutu, tafuta dawa nyingine.

Jikoni na bafuni je?

Hapo rangi yenyewe si shida, angalia mng'ao. Inayong'aa au yenye mng'ao wa kati hufutika kwa kitambaa chenye maji. Isiyong'aa hubaki na alama ya kila kidole. Ila mng'ao hautunzi siri: taa ikipiga ubavuni, kila kibonde cha plasta kinaonekana. Ukuta usionyooka upigwe msasa kwanza.

Nianze na rangi au mapazia na kochi?

Vitambaa kwanza. Kochi linakuja kwa rangi chache tu, wakati rangi ya ukuta huchanganywa kwa maelfu ya vivuli. Nenda dukani na kipande cha kitambaa mkononi, usitegemee picha ya simu.

Rangi imeisha ukuta ukiwa nusu. Nimenunua ndoo nyingine ya namba ileile, na bado mpaka unaonekana!

Namba ya rangi ni ileile, lakini tazama namba ya toleo kwenye ndoo; matoleo mawili hutofautiana kidogo. Huo ukuta utaupaka upya wote, kuanzia pembe hadi pembe, kwa ndoo mpya. Kuta mbili zinazokutana pembeni hupokea mwanga tofauti, kwa hiyo tofauti ndogo hapo haionekani. Siku nyingine pima kabla: lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, pungufu kama plasta inanyonya. Nunua yote pamoja, mimina ndoo zote kwenye pipa moja, koroga, ndipo fundi achovye rola.